Bonde la Msimbazi: shamba lililobebeshwa kazi za mji mzima

Ukingo wa Dar es Salaam hautulii. Wahandisi washauri wa Kiingereza walipochora mpango wa kwanza mkubwa wa mji mwaka 1949, ukingo ulikuwa jirani kabisa na bonde la Msimbazi: upande mmoja Kariakoo na Ilala, upande wa pili Magomeni, ambayo ilikuja kujengwa hasa katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Katikati yao palikuwa na tope, mikoko kuelekea baharini, na mashamba. Sensa ya 1967 ilikuta watu 272,821 katika jiji zima. Ya 2022 ilikuta 5,383,728. Leo anayetafuta kiwanja cha bei ya kueleweka anaelekezwa Chanika, Mbagala ya mwisho kabisa, au anavuka mpaka wa mkoa hadi Kisarawe, Mkuranga na Kibaha. Ukingo umehama kilomita 30 na zaidi, lakini bonde halikuhama, na ndani yake watu waliendelea kulima mchicha huku maghorofa yakiota pande zote mbili.

Hiyo ndiyo sababu ya kulichagua bonde hili kueleza kazi ambazo shamba la pembezoni huufanyia mji. Kwingine shamba la pembezoni hudumu miaka 10 au 15 kisha linaezekwa mabati, na hatupati nafasi ya kuona lilikuwa linaufanyia mji nini. Msimbazi limekaa muda mrefu kiasi cha kutuonyesha kazi zake zote, zenye faida na zenye aibu. Mto wenyewe unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, unateremka kama kilomita 35 kupitia Kinyerezi, Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, ukipokea njiani mito midogo kama Luhanga, Ubungo na Sinza, hadi unaingia Bahari ya Hindi pale Daraja la Selander. Karibu kila kitu ambacho mji haukuwa na mahali pa kukiweka kimewahi kuwekwa kando yake.

Kwa nini hapakujengwa mapema? Si kwa sababu mtu alikaa akasema tuhifadhi mashamba. Mipango kabambe ya 1968 na 1979 iliyatenga mabonde kuwa ardhi ya hatari, isiyofaa kujengwa kwa sababu ya mafuriko. Kwenye ramani yalibaki kijani, na ofisini kijani hicho kilieleweka kuwa hakuna kitu hapo. Mkulima aliingia kwenye ardhi ambayo serikali ilikuwa imeamua haina matumizi.

Serikali hiyohiyo ilimsukuma aingie. Baada ya ukame na njaa ya 1973 na 1974 ilikuja kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, na hata wa mjini aliambiwa ashike jembe. Miaka ya 1980 hali ikawa ngumu zaidi. Mshahara wa mtumishi wa umma haukutosha wiki mbili, unga ulikuwa wa foleni, na kila aliyeweza alikuwa na kamradi: kuku wa mayai nyuma ya nyumba ya shirika, ng'ombe wawili Oysterbay, tuta la matembele bondeni. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwafukuza mjini waliohesabiwa kuwa hawana kazi maalumu, na kuwa na shamba ilikuwa njia mojawapo ya kuthibitisha kwamba hukai bure. Mwaka 1992 zikatoka kanuni za kilimo cha mijini chini ya sheria ya mipango miji, zikaweka kikomo cha eka tatu kwa mtu mmoja. Kwa hiyo mkulima wa mjini kwa muda mrefu amekuwa mtu anayehimizwa na tamko moja na kutiliwa mashaka na tamko linalofuata. Ajabu ni kwamba alibaki.

Mchicha haungoji lori

Kabichi inatoka Lushoto, viazi Njombe, nyanya na vitunguu Ilula, na vyote vinafika soko la Ilala vikiwa salama baada ya usiku mzima barabarani. Mchicha hauwezi safari hiyo. Ukishang'olewa asubuhi, saa nane mchana chini ya jua la Dar umelala kama kitambaa, na mama wa Buguruni hautazami mara mbili. Kwa hiyo mboga za majani, yaani mchicha, matembele, majani ya maboga, figili na chainizi, zinapaswa kulimwa mahali ambapo muuzaji anaweza kufika kwa miguu au kwa nauli ya daladala moja. Tafiti zilizofanywa jijini miaka ya 1990 zilikadiria kwamba kiasi cha asilimia 90 ya mboga za majani zilizoliwa Dar zililimwa ndani ya jiji na pembezoni mwake. Barabara na majokofu vimeongezeka tangu wakati huo, ila mchicha ni uleule.

Tazama jinsi biashara yenyewe inavyokwenda. Tuta ni refu na jembamba, la upana ambao mtu aliyechuchumaa kwenye mfereji anafika katikati kwa mkono. Mbolea ni ya kuku, iliyonunuliwa kwa gunia kutoka kwa wafugaji wa kuku wa nyama mitaani. Mbegu zinasiwa, zinafunikwa, na kuanzia hapo kazi ni maji, asubuhi na jioni. Mkulima ana keni mbili. Anashuka kwenye kisima alichokichimba mwenyewe, ngazi tatu nne za udongo, anazitumbukiza zote mbili pamoja, anapanda, anapita kati ya matuta mawili huku keni ya kulia ikinyeshea tuta la kulia na ya kushoto tuta la kushoto, anarudi. Hurudia hivyo mpaka mabega yakatae. Wiki tatu au nne baadaye tuta liko tayari.

Hapo anakuja mama muuzaji, na hanunui kwa kilo wala kwa fungu. Ananunua tuta. Analitazama lilivyoshona, anaangalia kama majani yametobolewa na wadudu, wanabishana, wanakubaliana. Kuanzia hapo tuta ni lake: ang'oe leo lote, au ang'oe nusu leo na nusu kesho kulingana na anavyouza. Yeye ndiye anayeng'oa, anayekung'uta udongo, anayesuuza mizizi na kufunga mafungu, kisha beseni kichwani kuelekea mtaani. Mpango huu unamwepusha mkulima na gharama ya kuvuna na ya soko, na unampa mama ghala linalojitunza lenyewe, kwa sababu mchicha ambao haujang'olewa hauozi. Nimewahi kusikia wataalamu wakizungumzia haja ya kuwaunganisha wakulima wa mjini na masoko. Pale bondeni soko linakuja lenyewe limevaa kanga.

Mtaji wa kuanza ni mdogo: jembe, keni mbili, mbegu, na ruhusa ya mtu. Ndiyo maana bonde limekuwa mlango wa kuingilia mjini kwa vijana wengi waliotoka mikoani bila ndugu mwenye cheo. Na mzunguko wa wiki nne una faida ambayo shamba la mahindi halina, kwani kodi ya chumba hailipwi kwa msimu wa mavuno.

Ruhusa hiyo ndiyo sehemu dhaifu. Wengi wanalima kwa kuazima au kukodi: kwa mtu anayejiita mwenye eneo, kwa taasisi iliyoacha eneo lake wazi, pembeni ya reli, chini ya nyaya za umeme wa msongo mkubwa. Hakuna karatasi. Asiye na karatasi hapandi mti wa matunda, hachimbi kisima cha zege, hatengenezi matuta ya kudumu ya kukinga maji. Analima kinachoiva ndani ya mwezi, kwa kuwa hana uhakika wa mwezi wa pili.

Uwanja wa watu wote

Kuna kazi nyingine ambayo wachambuzi wa kilimo huiruka, nayo ni nafasi tu. Mji uliobanana unahitaji pahali pa wazi, hata kama pana vumbi. Viwanja vya Jangwani vimebeba mikutano ya kila rangi. Agosti 2015 CCM, chama tawala, na Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, walizindua kampeni zao za urais palepale, wakipishana kwa siku chache. Na watani wa jadi wote wawili wamechukua majina ya huku: Yanga ni wana Jangwani, Simba ni Wekundu wa Msimbazi, ingawa hao wa pili jina lao limepitia mtaa wa Kariakoo. Nchi nzima inayataja majina ya bonde hili kila wikiendi, na wachache sana kati ya wanaoyataja wanajua maji yake yanatoka wapi.

Jiko na choo

Sasa tuje kwenye kazi ambayo hakuna aliyeitangaza. Mtandao wa majitaka wa Dar unafikia sehemu ndogo tu ya nyumba. Zilizobaki zina vyoo vya shimo na makaro, na yanapojaa linaitwa gari la kunyonya, au linangojewa wingu. Masika yakianza, baadhi ya watu huzibua karo mvua ikiwa imeshika kasi, uchafu uende na maji. Unakwenda bondeni. Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, ambako magari ya kunyonya humwaga, nayo hutiririsha maji yake mtoni. Machinjio ya ng'ombe yako Vingunguti. Viwanda vya kando ya barabara ya Nyerere na ya Mandela, vya nguo, rangi, vinywaji na chuma, viko ndani ya eneo linaloingiza maji Msimbazi.

Dampo pia. Wakazi wa Tabata walichoka moshi na nzi wa dampo la jiji, wakaenda Mahakama Kuu na mwaka 1988 wakashinda. Ni hukumu inayosomwa na wanafunzi wa sheria hadi leo, kwa kuwa mahakama iliitambua haki ya kuishi kuwa inagusa hata hewa mtu anayovuta. Jiji likatafuta pengine. Kunduchi Mtongani nako wakazi wakaenda mahakamani. Hatimaye taka zikaishia Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi, zikarundikwa huko miaka ya 1990 yote kabla ya kuhamia Mtoni na baadaye Pugu. Ushindi wa Tabata ulikuwa wa haki kabisa. Ila uchafu haukupotea, ulihamia kwa watu waliokuwa hawajafika mahakamani, jirani na matuta ya mboga.

Matokeo yamepimwa, si mara moja. Watafiti wa vyuo vikuu vyetu wamechukua sampuli za maji, udongo na mboga za bondeni kwa miaka mingi, na wamekuta madini mazito kama risasi, kadmiamu na kromiamu yakizidi viwango vya FAO na WHO katika baadhi ya sehemu. Vimelea vya kinyesi navyo vimo. Vimelea hivyo vinaweza kufa vizuri kwenye sufuria, na sisi Waswahili tunaupika mchicha mpaka unasalimu amri. Madini mazito hayapikwi yakaisha. Yanaingia mwilini kidogokidogo, na anayeumia zaidi na risasi ni mtoto.

Hapa mjadala wa jijini huvunjika vipande viwili ambavyo havisikilizani. Upande mmoja unasema: piga marufuku, ng'oa matuta, linda afya. Upande wa pili unasema: mnawaonea maskini, hao wanalisha mji. Naona wote wanakwepa swali moja. Sumu haikuletwa na keni. Mkulima ni wa mwisho kuipokea na wa kwanza kulaumiwa, kwa sababu yeye anaonekana saa 12 asubuhi akiwa na jembe, wakati bomba la kiwanda linafunguliwa usiku. Lakini ukweli huo haufanyi mchicha uwe salama. Bonde limepewa kuwa jiko na choo kwa wakati mmoja, bila ukuta katikati, na ukimwacha mlaji aamue kwa macho hawezi, maana mchicha wa maji ya majitaka huwa umenawiri kuliko mwingine wote sokoni.

Na bonde si moja. Kisima kilichochimbwa mbali na mto kule juu, Kinyerezi, si sawa na mfereji unaopokea maji ya Vingunguti. Marufuku ya jumla inawatia wote kapu moja, na huruma ya jumla pia.

Kazi iliyotuma bili

Tarehe 20 Desemba 2011 mvua ilianza na ikaendelea siku tatu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana mvua kama ile Dar tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa. Familia za Jangwani na mabonde mengine zilipelekwa Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji, zikapewa viwanja na mahema. Wengine baada ya muda wakauza na kurudi bondeni, kwa sababu riziki ilikuwa Kariakoo na nauli ya kutoka Mabwepande haikuwa na huruma. Mwishoni mwa 2015 zikaja bomoabomoa zenye alama nyekundu ya X. Mafuriko yakarudi tena. Yale ya Aprili 2018 peke yake, Benki ya Dunia ilikadiria yaliligharimu jiji zaidi ya dola milioni 100.

Karakana ya mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza kazi Mei 2016, ilijengwa palepale Jangwani. Mabasi yaliogelea. Tunaweza kucheka, lakini uamuzi ule ulikuwa na mantiki yake ya kiofisi: palikuwa karibu na katikati ya mji, pakubwa, na hakuna nyumba za kulipa fidia. Kwa maneno mengine, palionekana patupu.

Sasa turudi kwenye shamba, maana mafuriko kwa kawaida husimuliwa kama habari ya watu waliojenga mabondeni. Hiyo ni nusu. Maji yanayofika Jangwani yameanguka kwingine, katika eneo la karibu kilomita za mraba 289 linalomwagia Msimbazi, na lilivyotumika eneo hilo ndivyo maji yanavyokuja. Shamba la Mzaramo wa Chanika au Pugu la zamani lilikuwa na mikorosho, miembe, minazi michache, mihogo chini yake, na nyasi. Mvua ikipiga, majani hupunguza kishindo, mizizi na udongo wa kichanga hunywa, kinachobaki kinashuka polepole. Gawanya shamba hilo viwanja vya mita 20 kwa 20: kila kimoja kina bati, uwanja wa saruji, na njia ya gari iliyoshindiliwa. Maji yaleyale sasa yanakimbia, na yanabeba mchanga. Mchanga unajaa chini ya madaraja, kitanda cha mto kinapanda, na mvua ya kawaida ambayo zamani ilipita chini sasa inapita juu ya barabara ya Morogoro. Ongeza wachimba mchanga wa ujenzi wanaokula kingo za mto, nyumba zinaporomoka hata pale ambapo mto haukufurika.

Kwa hiyo mkulima wa pembezoni alikuwa anashika maji ya mji mzima, na hakuna aliyemlipa wala aliyejua. Alipouza, aliuza mihogo na mikorosho. Ile kazi ya maji ilikwenda bure pamoja na ardhi.

Bili ilikuja. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, na michango ya Hispania na Uholanzi ikaifikisha jumla karibu dola milioni 260. Chini ya usimamizi wa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, mto unatakiwa kuchimbwa na kupanuliwa sehemu ya chini, daraja jipya la Jangwani la mita 390 lijengwe juu ya njia ya maji, karakana ya mabasi ihame, na bonde ligeuzwe bustani kubwa ya jiji. Wenye nyumba walianza kulipwa fidia 2023, kisha nyumba zikaanguka. Mradi huu nauunga mkono, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu atakayetaka watu warudi kulala pale. Lakini linganisha: mamilioni hayo ya dola yananunua upya, kwa zege na mashine, sehemu ya kazi ambayo mashamba ya juu yalikuwa yanaifanya.

Na wakulima wa mboga? Utaratibu wetu wa kawaida wa fidia hupima nyumba, ardhi na mazao yaliyosimama. Kwa mwenye tuta la kuazima, mazao yaliyosimama ni mchicha wa wiki tatu. Thamani yake haifiki hata kodi ya miezi miwili. Alichokuwa nacho hasa ni mahali penye maji karibu na walaji, na hicho hakina safu kwenye fomu ya mthamini.

Wanaokata viwanja

Kuna tabia ya kumtupia lawama dalali wa mtaani kwa kupotea kwa mashamba. Dalali yupo, ana daftari na simu tatu, na pembezoni mwa Dar biashara ya kupasua eka kuwa viwanja haina siku ya mapumziko. Lakini serikali nayo ni mkata viwanja. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Toangoma, Mwanagati, Gezaulole na Buyuni, mengi yakiwa mashamba ya wenyeji. Ulikuwa na nia njema: kutoa viwanja vilivyopimwa kabla ya ujenzi holela kufika. Waliokuwa na mashamba walilipwa fidia, na waliopata viwanja kwa wingi ni wenye kipato cha kulipia. Wengi waliofidiwa walisogea mbele zaidi, wakafyeka shamba jipya, ukingo ukasogea nao.

Haifai pia kumchora mwenye shamba kama mwathirika asiye na akili. Mzee mwenye eka nne Chanika anajua hesabu zake. Mihogo inampa chakula na senti kidogo. Eka moja ikipasuliwa inasomesha mtoto chuo na kujenga nyumba ya matofali. Shamba ni benki yake, labda ndiyo kazi yake ya muhimu kuliko zote, na benki hufunguliwa siku ya shida. Ukimwambia asiuze kwa ajili ya mafuriko ya Jangwani, ana haki ya kukuuliza Jangwani inamlipa nini.

Kolkata, India (zamani Calcutta), waliwahi kuulizana swali la namna hiyo. Mashariki mwa jiji lile kuna eneo la hekta 12,500 la mabwawa ya samaki, mashamba ya mboga na ya mpunga, ambako majitaka ya jiji yamekuwa yakipelekwa kwa vizazi. Maji hupitia mifereji na kutulia, kisha huingia mabwawa yenye kina kifupi ambako jua na mwani huua vimelea, samaki hula mwani, na maji yaliyobaki humwagilia mpunga. Mhandisi wa serikali, Dhrubajyoti Ghosh, alitumia maisha yake kueleza kwamba wakulima na wavuvi wale ndio mtambo wa jiji wa kusafisha majitaka. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Calcutta ilizuia eneo lile kugeuzwa matumizi, na 2002 likaingia orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Si pepo: wajenzi wanalimega kila mwaka na viwanda vinaleta uchafu ambao samaki hawauli. Kinachonivutia ni mpangilio. Kazi chafu na kazi ya chakula zimewekwa kwa foleni, maji yanatoka hatua moja kwenda nyingine, wakati Msimbazi zote zinafanyika kwenye tuta moja, siku moja.

Ningefanya nini

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ikisomwa kwa ukali inamwondoa mkulima wa mboga sawasawa na mwenye ghorofa. Ningeanza hapo: kanuni itenganishe kati ya zege, ambalo haliondoki, na tuta, ambalo likifurika hakuna anayekufa na wiki nne baadaye limesiwa tena. Kwenye uwanda wa mafuriko mchicha ni mpangaji mzuri kuliko karakana yoyote.

Pili, kupima maji kwa vipande na kubandika majibu. Jiji lina maabara, vyuo vina wanafunzi wanaotafuta kazi ya mafunzo. Kipande ambacho maji yake yamefeli kilimwe maua, miche ya bustani na ya vivuli, biashara ambayo tayari imeshika kando ya barabara nyingi za Dar. Kipande kilichofaulu kipewe mkataba wa miaka mitano wenye jina la mlimaji, hata kama ardhi inabaki ya serikali, na kiingizwe ndani ya bustani mpya ya jiji kama sehemu yake halali. Bustani yenye matuta ya mboga ina walinzi wanaoamka alfajiri bila kulipwa mshahara.

Tatu, na hili ndilo gumu, pesa ipande mlima. Mradi wa Msimbazi unagusa pia sehemu za juu, lakini fedha nyingi, macho na kamera viko Jangwani. Halmashauri zikipitisha mchoro wa mgawanyo wa shamba huko Chanika, Pugu au Kisarawe, zinaweza kudai mambo mawili kabla ya kugonga muhuri: sehemu ya bondeni ibaki shamba, na kila kiwanja kishike maji yake ya bati, kwa tangi au kwa shimo la kunywesha. Mwenye shamba anayekubali kuacha kipande chake cha bondeni bila kukiuza alipwe kila mwaka, kutoka kwenye tozo ya upimaji wa viwanja vya wenzake wanaouza. Kiasi kinaweza kuwa kidogo. Watu wa Kitengela, kusini mwa mbuga ya Nairobi, waliwahi kulipwa dola nne kwa eka kwa mwaka ili wasizungushie ua malisho yao, wanyama wapite, na familia nyingi za Kimasai ziliingia mpango huo kwa hiari tangu 2000. Ulikwama pale bei ya ardhi ilipopaa na fedha za wafadhili zikawa za kusuasua, ndiyo maana nasema tozo ya viwanja, ambayo inapanda pamoja na bei ya ardhi, badala ya mfadhili.

Wataalamu wa ardhi watasema halmashauri haina watu wa kusimamia hayo. Ina wenyeviti wa mitaa wanaogonga muhuri kila karatasi ya mauziano, na kwenye kila mauziano kuna ada. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla eka inayofuata ya Chanika haijawekewa vigingi.